Mahali Maji Yalipotaka Kupita

Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, wengi wetu tuliielewa methali hiyo kwa tumbo. Mgeni akibisha hodi, sufuria kubwa hutolewa kabatini, sukari huongezwa kwenye chai, na hata watoto wa nyumba waliokuwa wakishindia mkate mkavu hujikuta wanalamba vidole. Kupona kwa namna hiyo ni kupona kweli, wala hakuna wa kukubeza. Lakini wanachama wa Klabu ya Alfajiri, klabu ndogo ya waendesha baiskeli, wana sababu nyingine ya kuiamini methali hii. Sababu yenyewe ni njia yao ya mashindano.

Njia hiyo imezunguka kiwanja cha kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani. Ukisimama mahali lilipokuwa tanuri utaiona yote: mzingo wa mita mia tatu na ishirini, sehemu mbili ndefu zilizonyooka, na kona mbili zilizoinuliwa upande wa nje kama ukingo wa sahani. Juu yake zimetandazwa chenga za matofali mekundu, zikashindiliwa mpaka zikawa ngumu kama sakafu. Anayeiona leo hudhani ilizaliwa ikiwa hivyo. La hasha. Ilizaliwa kwa machozi, ikaugua miaka miwili, na nusura ife.

Aliyeianzisha ni fundi baiskeli. Karakana yake imeungana na nyumba yake, mlango ukiangalia barabara kuu. Ni mtu wa maneno machache, na vidole vyake vina weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni ya aina yoyote. Mkewe ni mshonaji, na cherehani yake hukaa kando ya dirisha la sebuleni ili apate mwanga. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, binti, nao wakampenda kama mboni ya jicho. Binti huyo alijua kuendesha baiskeli kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Kwa jinsi alivyoshuka miteremko, mgongo umeinama na viwiko vimebana mbavu, watu walimwita Kipanga. Mama yake akawa Mama Kipanga. Baba naye, kila alipoitwa Baba Kipanga, alijifanya kuudhika huku meno yote yako nje.

Siku zile wanachama kumi na wawili wa klabu walifanyia mazoezi kwenye barabara kuu, kwani hapakuwa na pengine. Barabara hiyo ni nyembamba. Lami yake inaishia ghafla, kana kwamba imekatwa kwa kisu, na chini yake ni korongo. Lori likikaribia kutoka nyuma, mwenye baiskeli hana pa kwenda. Asubuhi moja Kipanga, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, hakuwa na pa kwenda. Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa akiendesha nyuma yake, ndiye aliyempakata mapajani mpaka pumzi ilipokata.

Miezi miwili baadaye wanachama walikusanyika karakana ili waivunje klabu. Kila mmoja aliangalia vidole vya miguu yake. Ndipo fundi, ambaye tangu msiba alikuwa hajatamka hata sentensi tatu mfululizo, akasema, "Klabu haivunjwi. Tutajenga njia yetu wenyewe. Njia ambayo lori haliijui."

Mwenyekiti wa klabu, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikwenda kumwona mwenye kiwanda cha matofali. Mzee yule alikubali waitumie ardhi yake mradi wafyeke magugu. Kazi ikaanza. Muuguzi alikuja akitoka zamu, mwoka mikate alikuja na unga kwenye nyusi, nao walichimba, wakabeba, wakashindilia. Katika muda wa miezi mitatu njia ilikuwa imekamilika, na siku waliyoizunguka kwa mara ya kwanza walilia na kucheka kwa wakati mmoja.

Siku hiyo hiyo fundi aliamua kumjengea binti yake kumbukumbu. Alichagua kona ya chini kabisa, mahali penye utulivu, palipokuwa na mfereji wa zamani uliozibwa nusu na magugu. Aliufukia kwa vifusi. Juu yake akajenga benchi la matofali, na saruji ilipokuwa bado mbichi akaandika kwa ncha ya msumari: KIPANGA, PUMZIKA. Hakutaka kusaidiwa na mtu. Tangu hapo, kila jioni alifunga karakana na kwenda kukaa juu ya benchi lile kwa muda, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa.

Mvua zilipoanza, kona ya chini ilisombwa. Waliijenga upya. Mwaka uliofuata ilisombwa tena, safari hii pamoja na nusu ya sehemu iliyonyooka. Wakaijenga tena, lakini majembe yalikuwa mazito zaidi na mikono ilikuwa michache. Mwoka mikate akasema mgongo unamsumbua. Wengine hawakusema chochote, waliacha tu kuja. Na wale waliobaki, kimya kimya, bila kuambiana, walianza kurudi barabarani.

Jambo jingine lilipotea katika muda huo bila mtu kuliona likiondoka. Hakuna aliyemwita mshonaji yule Mama Kipanga tena. Walimwita dada, walimwita mama, walimwita fundi cherehani, wakilikwepa lile jina kama mtu anavyokwepa kukigusa kidonda cha mwenzake. Walidhani wanamhurumia.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka wa tatu muuguzi alileta baiskeli yake karakana, usukani umepinda, na bega lake mwenyewe limefungwa bandeji.

"Nimeteleza tu, kaka," alisema. "Ni matope."

Fundi aliuangalia usukani. Palikuwa na mchubuko wa rangi ya buluu, rangi ambayo haipatikani katika matope ya nchi yoyote. Hakumuuliza kitu. Aliunyoosha usukani, akampa baiskeli yake, kisha akaenda kukaa nyuma ya karakana hadi mkewe alipomfuata na kikombe cha chai.

Wiki moja baada ya hapo, mchana, mvua ikinyesha kwa kishindo, mwanamke mmoja alisimama mlangoni akikokota baiskeli nzito ya kizamani. Alikuwa mrefu, umri wake wapata miaka sitini, amejifunika karatasi ya nailoni kichwani, na viatu vyake vya buti vilikuwa vya kiume.

"Hodi hapa."

"Karibu. Pole na mvua," fundi akajibu.

"Mimi na mvua ni marafiki wa zamani. Mpe pole huyu," alisema, akilipiga kofi tandiko la baiskeli. "Amevunjika kiuno."

Fundi aliipindua baiskeli, akalizungusha gurudumu la nyuma, akatikisa kichwa. Ekseli ilikuwa imekatika, na ya aina ile haikupatikana karibu. Ingebidi iagizwe, na kufika kwake ni siku nne.

"Siku nne si kitu," mgeni akasema. "Nimestaafu, nakwenda kumtembelea mdogo wangu, wala hajui nitafika lini. Shida yangu ni ubavu. Sina pa kuulaza."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa imekwisha kufutika. "Nyumba yetu ni ndogo, dada," alisema hatimaye.

Kule dirishani sauti ya cherehani ilinyamaza. "Chumba kipo," mkewe akasema.

Chumba kilikuwepo, ndiyo. Kilikuwa kimefungwa tangu msiba. Mshonaji alikifungua mwenyewe, akafungua na dirisha, akabadilisha shuka. Chini ya kitanda vilikuwepo viatu vya baiskeli, vimepangwa ncha kwa ncha. Mgeni aliviona, akautazama uso wa mwenyeji wake, akaweka mzigo wake upande mwingine bila kuuliza. Fundi aliacha chai yake nusu kikombe, akaenda kulala.

Asubuhi mvua ilikuwa imepungua. Mwalimu alipitia kwa fundi akiwa na toroli na majembe mawili ili wakazibe mashimo ya kona ya chini. Mgeni, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuona toroli likaenda kazini akabaki nyumbani, aliwafuata.

Walipofika, hakushika jembe. Aliizunguka njia yote polepole chini ya manyunyu, akiinama hapa, akichomeka kijiti pale, akiyatazama maji kama mtu anayemfuatilia mtoto anayejifunza kutembea. Mwalimu alimwangalia kwa mashaka.

"Mama, unatafuta kitu?"

"Natafuta kujua nani aliwadanganya," mgeni akajibu. "Nyinyi hamkujenga njia. Mmejenga mtaro, halafu mnauendeshea baiskeli."

Mwalimu alijivuta akawa mrefu. "Mimi nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja."

"Hongera, mwalimu. Lakini maji hayakuingia darasani kwako hata siku moja."

Fundi, ambaye alikuwa akijaza toroli, karibu atabasamu. Lakini mgeni alikuwa tayari amefika kwenye benchi. Alipiga ardhi kwa kisigino cha buti, akasikiliza. Alitazama juu mpaka kwenye tanuri, akatazama chini mpaka kwenye bonde, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyepata dawa:

"Hapa! Hapa palikuwa na mfereji, sivyo? Waliofyatua matofali hawakuwa wajinga, waliyafungulia maji mlango. Nyinyi mmeuziba kwa vifusi. Maji yote ya kiwanja yanakuja kugonga hapa, yanakuta pamefungwa, yanarudi kuila njia yenu. Vunjeni hiki kibenchi, mfukue mfereji, na njia itapona."

Mvua ilisikika ikigonga bati la toroli. Mwalimu aligeuza uso akaangalia mbali, na mgeni, kwa kuona tu shingo yake ilivyosinyaa, akajua kuwa amekanyaga kitu. Ndipo akainama na kuyasoma maandishi.

Fundi aliweka jembe chini taratibu. "Dada," alisema, "wewe ni mgeni. Ekseli ikifika nitakufungia, na barabara unaiona ilipo. Mambo ya hapa tuachie wenyewe."

Akaliacha toroli pale pale, akaondoka.

Mgeni alirudi nyumbani amelowa, akamkuta mshonaji akipinda ukosi wa shati. Alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. "Mwenzangu, nimeikosea nyumba yako. Sikujua. Ulimi wangu hutangulia, akili huja nyuma ikikokota miguu."

"Kaa, dada," mshonaji akasema. "Kaa ukauke kwanza."

"Hata jina lako sijauliza. Nikuite nani?"

Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Uzi ulimning'inia vidoleni. "Niite Mama Kipanga," alisema.

Alipolitamka tu, machozi yalimtoka, lakini uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akamweleza mgeni yote: miteremko, viatu, asubuhi ile, korongo la kando ya lami, na wanachama walioanza kurudi kule kule. Mgeni alisikiliza. Ghafla akauliza, "Barabara hii? Hii iliyopo hapa mlangoni?"

"Hiyo hiyo."

Chai ya mgeni ilipoa mbele yake, na hakuigusa.

Siku ya pili yake, kabla ya mchana, aliingia karakana. Fundi alikuwa amepiga goti akikaza mnyororo wa baiskeli ya mteja.

"Fundi, nina neno. Ukishalisikia, ukitaka niondoke nitaondoka, hata kwa miguu."

Fundi hakuinua kichwa.

"Nimefanya kazi ya barabara miaka thelathini. Nilikuwa nyapara wa kikosi. Hii barabara ya hapa nje tuliijenga sisi. Kwenye michoro ya kwanza ilikuwa na ukingo wa baiskeli, mita moja na nusu kila upande. Ukingo ukafutwa. Nilimwendea mkubwa wangu nikamwambia, mzee, mahali hapa watu watakufa. Akaniambia fanya kazi uliyopewa. Nikafanya."

Mkono wa fundi uliganda juu ya mnyororo. "Ulimwambia mara ngapi?"

"Mara moja."

Lori lilipita nje, vikombe vya misumari vikatetemeka rafuni.

"Mara moja, fundi. Sikurudi. Nilisema moyoni, nimekwisha sema, lawama si yangu. Ndiyo maana siku hizi nasema kila jambo mara mbili, watu wakiniona mjuaji na waone. Hili la maji nilikuambia jana. Leo ni mara ya pili. Pale ulipojenga ndipo maji yanapotaka kupita. Na wenzako wamerudi kwenye ile barabara niliyoijenga. Nimemaliza."

Fundi alisimama. Spana ilikuwa mkononi, na kwa kitambo kidogo haikujulikana ataifanyia nini. Kisha akaiweka mezani, akapita kando ya mgeni bila kumgusa, akatoka. Kwa dirisha, mkewe alimwona amesimama ukingoni mwa lami, mahali inapokatika. Magari yalipita, upepo wake ukavuta shati lake, naye hakusogea. Wingu lilitanda. Mgeni naye alikuwa ametoka akasimama mbali kidogo, kichwa wazi, akingoja hukumu yake.

Fundi alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu. "Ingia ndani, dada," alisema. "Utalowa."

Jioni ile aliwaita mwalimu na muuguzi waje kwenye kona ya chini, na mkewe akaja naye, akiwa na mgeni. Fundi alikaa kwenye benchi, akamtazama mwalimu. "Nijibu kama ndugu. Ulijua?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Nilijua tangu mvua za kwanza. Nani asiyejua kuwa maji hushuka? Nilikuja hapa mara ngapi nikitaka kukuambia! Nikifika nakukuta umekaa, nasema moyoni, mimi nitakuwa mtu gani? Nikachukua jembe nikaziba mashimo, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Nilikuwa nikiziba mdomo wangu, ndugu yangu, si mashimo."

"Na wewe?" fundi akamwuliza muuguzi. "Ile rangi ya buluu?"

"Lilikuwa lori, kaka," muuguzi akasema polepole. "Nilikuonea huruma."

Fundi alipitisha kiganja juu ya maandishi. "Huyu ndiye pekee niliyebaki naye," alisema. "Nikimbomoa hapa, nitakaa naye wapi?"

Mkewe alikuja akakaa karibu naye, bega kwa bega. "Baba Kipanga," alimwita, na fundi alishtuka kama aliyeguswa na maji baridi. "Niambie, yule mtoto uliwahi kumwona amekaa kwenye benchi dakika tano?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Shuleni walimwadhibu kwa kutotulia. Mezani alikula amesimama. Nikitaka kumpima gauni nilimfukuza nyumba nzima na utepe mkononi. Sisi tumemwandikia apumzike, na tumemkalisha miaka miwili. Lazima amechoka kukaa, maskini."

Fundi alitoa sauti ambayo kwanza ilikuwa kilio. Katikati iligeuka kicheko, kisha ikarudi kuwa kilio, na mkewe akamshika kichwa akakilaza begani kwake. Waliokuwepo walitazama mawingu. Baada ya muda aliinuka, akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akamwomba mwalimu mtaimbo. Tofali la kwanza alilitoa yeye. La pili alilitoa Mama Kipanga. Walipofika la kumi, mikono ilikuwa mingi.

Habari zilienea. Kesho yake mwoka mikate alitokea na mgongo wake uliopona kimiujiza, akiwa amebeba kapu la mikate ya moto. Wale walioacha kuja walirudi mmoja mmoja, wakichungulia kwanza kama watoto waliotoroka shule. Mgeni akawekwa kuwa msimamizi, na tangu siku hiyo wote wakamwita Nyapara.

Alikuwa nyapara kweli. Aliwafundisha kupima usawa kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji: mmoja hushika ncha moja huku, mwingine ncha ya pili kule, na mahali maji yaliposimama ndipo penye ukweli. Mfereji ulifukuliwa mpaka bondeni, na mdomo wake ukazungushiwa yale yale matofali ya benchi. Kona ziliinuliwa upande wa nje, na chini ya kila moja ukawekwa mtaro. Mtu aliyeshindilia kwa uvivu alisikia sauti nyuma yake: "Hapo umepapasa. Rudia." Kisha, kabla hajajibu: "Nimesema rudia." Mwalimu aliandika kila kitu kwenye daftari, na siku moja alikiri mbele ya watu kwamba katika miaka thelathini na moja hakuwahi kuwa mwanafunzi mwenye furaha kiasi kile.

Ekseli ilifika siku ya nne, kama ilivyotarajiwa. Lakini fundi, ambaye kwa kawaida hufunga ekseli kabla chai haijapoa, safari hii alichukua wiki tatu. Kila alipoulizwa alisema kuna skrubu anaichunguza. Mgeni hakumharakisha. Nyumbani alikuwa ameanza kushona vifungo, akivishona vibaya, na Mama Kipanga akivifumua kwa siri ili asimvunje moyo.

Mtihani ulikuja siku ya Jumapili asubuhi. Mvua ilimiminika kama ndoo iliyopinduliwa, na wanachama wote, badala ya kujificha, walikimbilia kiwandani wamejifunika magunia na nailoni. Walijipanga kando ya kona ya chini kama ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji. Maji yalishuka kutoka tanurini, mekundu, yakikusanya nguvu. Yalifika kwenye kona, yakasita, yakazunguka mara moja. Kisha yakaingia mdomo wa mfereji, yakapita, yakaenda zake bondeni yakivuma.

Wote waliitazama njia ikioshwa bila kumomonyoka. Ndipo muuguzi akamkumbatia mwalimu, mwoka mikate akateleza akakaa matopeni akabaki pale pale akicheka, na fundi akasogea mpaka ukingoni, akachuchumaa, akatia mkono ndani ya maji yaliyokuwa yakipita.

"Nenda, mwanangu," alisema taratibu. Mkewe peke yake ndiye aliyesikia.

Klabu nzima ilikubaliana kwamba njia ile iitwe Njia ya Kipanga. Tangu siku hiyo hakuna aliyerudi kufanya mazoezi barabarani. Wanachama wakafika ishirini, wakafika thelathini, na muuguzi akaanzisha zamu ya asubuhi kwa wanawake ambao hawajawahi kupanda baiskeli, akiwashika tandiko kwa nyuma huku akiwadanganya kwamba amewaachia.

Siku ya mgeni kuondoka, baiskeli yake ilikuwa inang'aa kiasi kwamba aliuliza kama ni yake. Fundi alimsindikiza mpaka njia panda, akikokota baiskeli ile yeye mwenyewe.

"Nisamehe kwa ile barabara," mgeni akasema. Kisha akasema tena, "Nisamehe."

"Nilikusikia mara ya kwanza," fundi akajibu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Dada, urudi. Safari hii uje utukute wazima, tukae tu, tucheke."

Alirudi, na hurudi kila mwaka. Lakini athari aliyoiacha haingojei arudi. Pale klabuni iko kanuni isiyoandikwa popote: mtu yeyote mgeni akipita, awe mchuuzi, fundi wa nyaya au msafiri aliyepotea njia, hupewa kiti, hupewa chai, kisha mwalimu huinama mbele yake kwa adabu na kumwuliza, "Tafadhali, umeona nini hapa ambacho sisi wenyewe hatukioni, au tunakiona tukaogopa kukisema?" Mmoja aliwaonyesha ufa kwenye ukuta wa tanuri, nao wakauziba kabla haujamwangukia mtu. Mwingine aliwaambia kuwa chai yao ni maji ya moto yaliyopita karibu na majani, na mwoka mikate, ambaye ndiye huipika, alinuna siku mbili, lakini chai ikawa chai.

Basi ukikuta mlango wa watu umefungwa kwa huzuni, na wenyewe hawana nguvu ya kuufungua, usimbeze yule anayesimama nje akibisha hodi. Ama kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.